Siro Nyekundu ya Mama Chileshe

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini hawakutuambia inakuwaje pale mapenzi yanapompata kijana, na kikohozi chenyewe kikampata mama wa msichana. Hilo Donat ilibidi alijue mwenyewe, tena katika kiangazi kile alichokuwa ameapa kwamba macho yake hayatatazama kitu ila chupa.

Donat alikuwa mwanafunzi wa uganga wa hospitali, kijana wa Mitwaba, aliyeletwa Élisabethville na mapadri kwa sababu ya wepesi wa kichwa chake. Vita ya wazungu ilikuwa imekwisha miaka michache tu nyuma. Likizo kubwa ilipofika, wenzake walirudi makwao kula bukari, ule ugali wa mama zao. Yeye akapewa staji, mazoezi ya kazi. Alitakiwa kukaa kiangazi chote katika maabara ya kutengeneza dawa, nyumba ndefu nyeupe nyuma ya bustani ya masista, ambayo vioo vya madirisha yake vilikuwa vimepakwa chokaa ili jua lisiharibu dawa. Yakumbukeni madirisha hayo, maana yatatuletea maneno.

Asubuhi ya kwanza baridi ya mwezi wa saba ilikuwa kali, ile inayowafanya watu wa mji ule waegemee kuta na kuota jua. Donat alivua viatu mlangoni, akanawa mikono hadi viwikoni, akaambiwa anawe tena, akanawa, akavalishwa koti jeupe lililomfika magotini. Kisha mlango wa ndani ukafunguliwa, na mtoto wa watu akasahau kupumua.

Hakuwa amewahi kuona vioo vingi hivyo mahali pamoja. Kulikuwa na chupa ndefu, chupa fupi zenye matumbo, mirija iliyojikunja na kujikunjua, na katikati ya chumba dude kubwa la shaba lenye tumbo la chungu na shingo ndefu iliyoinama. Shaba aliijua, nani katika mji ule asiyeijua shaba? Shimini ya kiwanda ilitoa moshi juu ya vichwa vyao kutwa kucha. Lakini shaba hii ilikuwa imesuguliwa mpaka akauona uso wake mwenyewe ndani yake, macho yamemtoka, kinywa wazi.

Masœur Claudine, sista mfupi mwenye miwani minene aliyeongoza maabara, alimwacha ashangae mpaka atosheke. Halafu akamwonyesha jinsi maji ya bomba yanavyochemka ndani ya lile tumbo, yakapanda kuwa mvuke, yakapita shingoni, yakapozwa, na kudondoka upande wa pili tone baada ya tone. Akamkingia kidogo katika glasi. Donat akanywa. Hayakuwa na ladha yoyote. Aliyazungusha mdomoni akitafuta chuma, akitafuta udongo, akitafuta chumvi, asipate kitu.

"Hayo ni maji peke yake," Masœur akasema kwa Kiswahili chake cha misheni. "Maji mengine yote uliyokunywa tangu uzaliwe yalikuwa na kitu ndani. Leo umekunywa maji mara ya kwanza."

Donat aliishika ile glasi tupu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu cha kanisani.

Siku zilizofuata ilikuwa ni ajabu juu ya ajabu. Aliona vichupa vya sindano vikifungwa midomo kwa ulimi wa moto, kioo kikilainika na kujiziba chenyewe. Aligusa unga mweupe wa kwinini kwa ncha ya ulimi, akakaa na uchungu wake mpaka saa ya chakula. Aliyeyusha chumvi fulani katika maji ya moto, akaambiwa aiache ipoe. Asubuhi akakuta sinia lote limeota sindano za kioo, ndefu, zinazong'aa, zimelala kila moja upande wake. Alikimbia kumwita Masœur akisema imeota, Masœur, imeota. Sista yule alikuwa ameyaona hayo tangu ujana wake, lakini alikuja, akavua miwani, akaifuta, akainama kuangalia pamoja naye.

Kazi yake hasa ilikuwa siro, dawa tamu ya kunywa, ya kikohozi. Alipika sukari na maji yale safi, akatia dawa ya majani, akatia maua makavu mekundu yaliyotoka Ulaya ndani ya makopo, basi siro yote ikageuka nyekundu ya kupendeza. Masœur alisema mgonjwa huanza kunywa kwa macho. Baadaye aliichuja yote kwa mifuko ya kitambaa. Na mwisho kulikuwa na sheria ya nyumba, ambayo haikuvunjwa na mtu: aliyepika siro ndiye anayeionja kwanza, mbele ya wenzake, na asipoionja humwagwa. Donat aliipenda sheria hiyo. Kwao pia mwenye kumletea mtu pombe huinywa kwanza yeye, ili mgeni asiogope.

Sasa hiyo mifuko ya kuchujia ndiyo iliyomponza.

Ilishonwa na wasichana wa chumba cha ushoni cha masista, na aliyetumwa kuileta kila Alhamisi alikuwa Edith, binti mrefu mwenye mwanya na sauti isiyo na haraka. Hakuruhusiwa kupita kizingiti. Donat naye alikuwa ameshanawa, mikono ameinyanyua juu isiguse kitu, kwa hiyo hakuweza kupokea mzigo. Mara ya kwanza walibaki wakitazamana hivyo, yeye na mikono yake hewani, msichana na mifuko yake kifuani.

"Mbona unanyanyua mikono sawa muntu mwenye kukamatwa na polisi?" Edith akauliza.

"Nilishanawa. Nikigusa kintu, nitanawa tena."

"Na kama ni kintu njo inakugusa weye?"

Donat alifikiri kwa dhati kabisa, maskini, kama swali la mtihani. Edith akacheka polepole, akamtundikia mifuko juu ya mkono uliokunjwa, mmoja baada ya mwingine, akihakikisha vidole vyake havimgusi hata kidogo. Hakumgusa. Na bado siku ile Donat alikwenda kunawa upya, kwa sababu hakuwa na hakika.

Tangu hapo Alhamisi ikawa mbali sana. Alijua mshono wa Edith kati ya mishono yote, mdogo, umelala sawasawa. Akichuja siro alikuwa akiangalia mshono, si siro.

Wiki moja Masœur alimfungulia mizani ya ndani ya kasha la kioo, ile ambayo hata pumzi huiyumbisha. Alimwambia apime kipande cha karatasi, kisha aandike juu yake jina lake kwa kalamu ya risasi, apime tena. Donat akaandika. Akafunga kasha, akangoja, na sindano ya mizani ikasogea kidogo tu upande wa karatasi. Risasi ile nyembamba, mikwaruzo michache ya mkono wake, ilikuwa na uzito. Masœur alisogeza miwani kusoma karatasi.

"Nilidhani wewe unaitwa Donat," akasema, akaenda zake kuangalia moto.

Alhamisi iliyofuata alimweleza Edith yote, hapo kizingitini, mikono juu. Alimwambia kwamba jina lake yeye, Edith, lina uzito, ameliona kwa macho. Edith alitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

"Uzito namna gani?" akauliza.

"Mizani iliinama."

Msichana aliangalia chini kwa muda. Alipoinua macho, yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha. "Basi uibebe muzuri," akasema. "Usiiangushe."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito. Mama yake Edith, Mama Chileshe, alikuwa mjane wa mtu wa reli, mwenyeji wa Sakania, mpika munkoyo, kinywaji cha mahindi, wa mtaa wa Albert. Munkoyo wake mtamu ulijulikana, na sauti yake ilijulikana zaidi: akimwita mtoto nyumbani kwake, wa kule sokoni walisimama kusikiliza kama ni wao. Kiangazi kile vumbi lilimwingia kifuani akakohoa asubuhi na jioni, mbavu zikawa zinamuuma, lakini dawa hakutaka. Aliogopa batumbula. Mji mzima uliwanong'ona: watu wasiojulikana wanaokamata wenzao njiani na kuwageuza dawa za wazungu. Na ukimwuliza Mama Chileshe kazi hiyo inafanyikia wapi, angekuonyesha kwa kidevu ile nyumba nyeupe yenye madirisha ya kipofu.

Donat mwenyewe aliongeza kuni. Alipotambua kwamba yule mama wa vyungu vya munkoyo ndiye aliyemzaa Edith, alifanya alivyolelewa. Kwao Mitwaba, na hata huko Sakania, mama wa msichana unayemtaka humtazami usoni. Humpiti karibu. Wala huli wala hunywi mbele yake, hata maji, mpaka siku yeye mwenyewe atakapokuchinjia kuku na kukualika ufungue kinywa. Baba yake Donat alikaa na njaa ukweni kwake zaidi ya mara moja, na alijivunia jambo hilo hadi uzeeni. Basi kijana akifika kona ya mtaa na kumwona Mama Chileshe amekaa na kata yake, alishuka kwenye baiskeli, akaikokota kwa njia ya nyuma. Mama Chileshe, ambaye hakuwa na habari ya mapenzi yoyote, aliona tu kijana wa nyumba ile ya madirisha ya kipofu akimkimbia kila siku. Mtu akukimbiaye bila deni ana lake jambo.

Habari zilipomfikia kwamba huyo huyo ndiye anayeongea na binti yake, hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Edith kuliko kelele. Mama Chileshe alimwita kaka yake, Kalaba, seremala mzito wa maneno, kwa maana katika ukoo wao neno la mjomba ndilo linalofunga mlango. Wakakubaliana. Edith atapanda treni ya Jumatatu kwenda Sakania kwa mama mkubwa, na huko kuna mtu wa reli, Adalbert, aliyefiwa na mke, anayetafuta mwingine.

Edith alikwenda maabara Ijumaa, siku isiyo yake, bila mifuko. Alisimama kizingitini akamweleza Donat kwa sauti ya chini. Alikuwa amelia na kupiga magoti. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba siro anayopika Donat ni dawa ya kikohozi tu, haina siri, kwamba anayeipika huionja kwanza mbele ya watu, ndiyo sheria ya nyumba. Mama alikohoa, akafikiri, akasema vizuri, aje nayo Jumapili baada ya misa, tumwone. Akiwa safi, safari itaongelewa upya. Asipokuwa safi, treni ni treni.

Donat alifurahi kupita kiasi. Kuonja? Hiyo ndiyo kazi yake. Alipika siro ile Jumamosi kwa ruhusa ya Masœur, kwa maji yale yasiyo na kitu ndani, akaichuja kwa mfuko alioshona Edith, akaionja mbele ya Masœur, akaitia katika chupa na kuifunga kwa kizibo. Si yeye wala Edith aliyekumbuka jambo moja ambalo kila mtoto wa kwao analijua. Mapenzi hayo.

Jumapili alipoinama kuingia nyumbani kwa Mama Chileshe, kitu cha kwanza alichokiona ni kitunga. Kilikuwa karibu na mlango, kimefungwa kamba, tayari kwa safari. Kalaba alikaa kwenye kiti pekee. Mama Chileshe alikuwa mkekani, kanga mabegani, anakohoa. Edith alisimama nyuma ya mama yake. Donat alipiga magoti hapo hapo mlangoni, akaweka chupa mbele yake, akainamisha kichwa.

"Weye njo mwenye kukaa mu ile nyumba ya madirisha ya kipofu?" Mama Chileshe akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Unisemeshe ukiniangalia. Mi si jua ya kuumiza macho."

Donat alijaribu. Macho yalifika kwenye pindo la kanga yake, yakagoma hapo. Mama Chileshe alimtazama Kalaba, kana kwamba kusema, umeona. Kalaba aliichukua chupa akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Siro ikawaka nyekundu.

"Hii rangi inatoka wapi?" akauliza.

Donat alieleza. Alieleza vizuri, kwa adabu, sukari, maji, majani, na maua makavu yanayokuja na meli.

"Maua ya Ulaya," Kalaba akasema taratibu, "inavuka bahari kufuata kikohozi ya muntu wa Sakania."

Edith hakuweza kuvumilia. Alisema siro ile imepita katika kitambaa cha mikono yake, sindano baada ya sindano, na kama kuna mtu wa kuogopa ni yeye. Wampe, atakunywa kwanza.

"Weye ulishakunywa zamani," mama yake akamjibu bila kugeuka. "Njo maana tuko tunakaa hapa."

Kikohozi kilimshika tena, kirefu, mpaka akashika ubavu. Donat, aliyekuwa ameinama, alisikia sauti ya kifua kile, akajua kwa masikio yake ya mwanafunzi kwamba siku nyingine za kungoja zitamdhuru mama huyu. Kilipotulia, Mama Chileshe alifuta midomo.

"Edith anasema kwenu mwenye kupika njo anaonja. Ile neno ni ya kweli, hata mi munkoyo yangu naonja mbele ya muntu. Kalaba, umupatie kikombe."

Kalaba akang'oa kizibo, akamimina kidogo katika kikombe cha bati, akamkabidhi Donat mkononi.

Na hapo ndipo Donat alipokumbuka.

Kikombe kilikuwa chepesi, na mkono wake ukashindwa kukinyanyua. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mama wa Edith, hatua chache tu, na alichotakiwa ni kufungua kinywa na kumeza mbele ya macho yake. Baba yake asingefanya hivyo hata kwa kisu. Alimtazama Edith, akaona uso wake ukibadilika. Yeye pia alikuwa amekumbuka, akaweka kiganja juu ya mdomo.

"Kunywa," Mama Chileshe akasema.

Donat hakunywa. Nje watu walipita wakitoka misa, wanasalimiana.

"Munaona?" Kalaba akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa na huzuni kuliko hasira. "Muntu anaogopa dawa yake mwenyewe."

Tusimcheke kijana huyu. Fikirini. Akinywa, jina lake linasafishwa, mama anapata dawa, kifua kinapona. Lakini akinywa, amesema mbele ya mjomba mtu kwamba huyu mama si kitu kwake, ni mama wa njiani tu, na kwamba hana haja ya binti yake kwa njia ya heshima. Asiponywa, yeye ni mutumbula, na kesho asubuhi treni inapiga honi. Donat aliwaza maji yale ya siku ya kwanza, yaliyochujwa mpaka hakuna kilichobaki ila yenyewe. Basi akakiweka kikombe chini, taratibu, kisimwagike.

"Dawa siiogopi, tata," akamwambia Kalaba, akimwita baba, maana kwa mama hakuweza kusema zaidi. "Niliionja jana mbele ya Masœur. Mbele ya bantu bote wa huu muji naweza kuikunywa, hata chupa yote. Lakini hapa ndani iko muntu moja, mbele yake siwezi kufungua kinywa."

Kalaba alikunja uso, kisha akaelewa, kisha akaukunja tena. "Hapa hakuna mukwe," akasema. "Hakuna muntu alipokea kintu yako. Weye ni mugeni. Mugeni anakunywa, haiko kosa."

"Nikikunywa, tata, nitakuwa mugeni mpaka kufa." Donat akazidi kuinama. "Muniite mutumbula kama munataka. Ile kesho mutajua kama si kweli. Lakini kama nikikunywa mbele ya mama, ile haitatoka tena. Edith ataenda Sakania, na mi nitabaki na aibu ya kumukana mama yake. Siwezi. Munisamehe."

Machozi yalimtiririka Edith bila sauti. Mama Chileshe alikuwa anamtazama kijana yule kwa mara ya kwanza, shingo iliyoinama, macho yaliyogoma kupanda, magoti juu ya sakafu baridi. Akakumbuka baiskeli ikikokotwa njia ya nyuma, siku baada ya siku, na vumbi la mtaa ule.

"Kumbe njo ile," akasema, kama anaongea na nafsi yake.

Kisha akafanya jambo ambalo Edith hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya mwanamume yeyote. Alivuta kanga kutoka mabegani, akaipandisha kichwani, akajifunika uso, akageukia ukuta.

"Edith," akasema kutoka ndani ya kanga. "Umwambie huyu muntu atoke, aende kukaa inje pa jua. Iko baridi."

Donat alisikia neno moja tu, atoke. Alisimama, miguu imekufa ganzi, akatoka kinyumenyume bila kuaga, akakaa kwenye tofali kando ya mlango. Jua lilikuwa zuri, yeye hakuliona. Alijiambia basi, imekwisha. Alifikiria namna ya kwenda stesheni kesho na kusimama mbali, nyuma ya watu, ili walau aone kichwa chake dirishani. Ndani alisikia minong'ono, kisha kikohozi, kisha sauti ya Mama Chileshe ikiuliza kitu.

"Kijiko iko wapi?"

"Niliifunga mu kitunga, mama," Edith akajibu. "Ya safari."

Donat aligeuza sikio kuelekea mlangoni.

"Basi ufungue kitunga," Mama Chileshe akasema. "Toa bintu byote. Siwezi kukunywa dawa na mukono."

Donat alisikia kamba ikifunguliwa. Ilikuwa imekazwa, ilichukua muda, na Kalaba aliguna akainuka kusaidia. Alisikia nguo zikitolewa, sahani, sufuria. Mwisho akasikia kijiko kikigonga chupa. Hakuna aliyeonja kabla yake.

Baadaye Edith alitoka. Macho yake yalikuwa mekundu na mwanya wake wote ulikuwa nje. Akasimama mbele ya Donat, akaunganisha mikono kama mtoto anayetoa ujumbe shuleni.

"Mama anasema nikwambie, siro yako iko na sukari mingi."

Donat alitazama mlango. Ulikuwa wazi. Mama Chileshe alikuwa pale pale ndani, karibu kiasi kwamba aliuona ukingo wa mkeka wake, mwanamke yule yule ambaye akiita nyumbani husikika sokoni. Angeweza kumwambia mwenyewe, hata kwa kunong'ona. Hakumwambia. Mama hasemi na mkwe wake ana kwa ana wala hamwonyeshi uso, kama mkwe naye asivyonywa mbele yake.

Edith alimngojea, akitabasamu na kulia pamoja.

"Umwambie mama," Donat akasema mwishowe, "nitapunguza."